Angani robo saa, ardhini asubuhi nzima

Mwulize mtu wa Dar es Salaam Unguja iko upande gani. Mara nyingi atanyoosha mkono mashariki, baharini. Kumbe kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ule wa Abeid Amani Karume uko kaskazini karibu kamili: kilomita 73 hivi kwa mstari ulionyooka, na kuelekea mashariki unasogea kilomita mbili tatu tu. Cessna Caravan, ikienda kilomita 300 hivi kwa saa, inaumaliza umbali huo kwa robo saa. Ratiba huandika dakika 20 au zaidi kwa sababu saa huanza kuhesabiwa ndege inapoacha maegesho, ikakoma inaposimama upande wa pili.

Robo saa hiyo ina utamu wake. Ndege hizi hazipandi juu sana. Kunduchi inapita chini, Mbudya na Bongoyo kulia, kisha boti zinazoburuta povu jeupe, na mara mnara wa taa wa Chumbe, uliojengwa 1904, umeshatokea kushoto. Abiria mmoja huweza kukaa mbele, kando ya rubani. Huko hapangwi mtu kwa cheo. Kinachoangaliwa ni ndege kukaa sawa. Ndiyo maana baadhi ya kampuni humpandisha abiria kwenye mizani pamoja na begi lake. Wapo wanaonuna. Mimi naona ni haki kabisa.

Upepo nao una neno. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini-kusini, na ndege hutua ikiukabili upepo. Msimu wa kaskazi, anayetoka Dar anakuja moja kwa moja na kutua. Ikivuma kusi, rubani hulazimika kuupita uwanja, azunguke upande wa mjini, ndipo ageuke kutazama kusini na kushuka. Zinaongezeka dakika chache, na katika safari ya robo saa hizo si haba.

Hata hivyo, anayepanga siku yake kwa dakika hizo anajidanganya. Uwanja wa Dar uko kilomita 12 hivi kutoka Posta, na Barabara ya Nyerere tunaijua. Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa 2018, limepunguza adha ya makutano yale, lakini foleni haijahama mji. Bado hujapanga mstari wa ukaguzi, bado hujasubiri kuitwa. Ukishuka Unguja, kuna daladala ya 505 hadi mjini. Boti, kwa upande wake, inang'oa nanga katikati ya jiji na kukushusha Malindi, ubavuni mwa Mji Mkongwe, baada ya saa mbili hivi.

Kwa hiyo mkazi wa Kariakoo mwenye shughuli zake Darajani sioni ndege ya nini, labda tumbo lake na mawimbi ya kusi haviivi chungu kimoja. Wa Ukonga au Gongo la Mboto ni habari nyingine: kwake uwanja ni jirani, kazi ni kufika bandarini. Na anayeteremka kutoka nje ya nchi ili aunganishe kwenda visiwani aulize mapema ndege yake ndogo inaondokea wapi. Jengo la kwanza la abiria na lile la tatu, lililofunguliwa 2019, si pua na mdomo, na kuhamisha mabegi kutoka moja hadi jingine kunaweza kula muda kuliko kuivuka bahari yenyewe.