Video ya dakika mbili inayoweza kuokoa mradi wa chama chenu

Ukipita Ongata Rongai kwa Barabara ya Magadi ukielekea Kiserian, utafika Nkoroi. Hapa mijengo haiishi. Huku msingi umechimbwa, kule lori limemwaga mchanga kando ya njia, pale mawe yamepangwa yakimngoja fundi. Na mara nyingi mjengo si wa tajiri mmoja. Ni wa familia, wa marafiki waliosoma pamoja, au wa chama cha akina mama waliochanga kidogo kidogo mpaka wakapata ploti ya futi 50 kwa 100. Mmoja anakaa Kitengela, mwingine Ngong, mwingine yuko kazini Doha na hutuma mchango wake kila mwisho wa mwezi.

Wote wana swali moja: pesa yetu imefika wapi?

Vyama vingi hujibu swali hili kwenye kundi la WhatsApp. Shida ni kwamba ujumbe wa malipo ya simiti unafuatwa na pongezi za mtoto aliyezaliwa, kisha maombi ya asubuhi, kisha mzaha wa mtu. Baada ya siku tatu, nani atautafuta? Kwa hiyo mwekahazina mwenye bidii huamua kutumia programu ya kusimamia miradi, kwa mfano Trello, ambayo ina akaunti ya bure na inafanya kazi kwa simu. Anaweka kila kitu mle ndani, vizuri kabisa. Lakini baada ya wiki mbili, ni yeye peke yake anayeifungua.

Hapo ndipo video fupi ya kufundisha inapoingia. Na huhitaji studio. Simu uliyoshika inatosha.

Kwani hili linahusu pesa vipi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba daftari linalosomwa na mtu mmoja tu bado si daftari la chama. Akiugua, akisafiri, au akishikwa na tamaa, wengine wote wako gizani. Mkimfundisha kila mwanachama kusoma rekodi, mnamlinda pia mwekahazina mwenyewe. Hakuna mtu atakayemnong'onea nyuma ya mgongo ikiwa kila mmoja anaweza kufungua simu na kujionea.

Wakenya tumeshapitia somo kama hili. M-PESA ilipofanyiwa majaribio kuanzia Oktoba 2005, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, wazo la kwanza lilikuwa kuwawezesha watu kulipa mikopo kwa simu. Wateja ilibidi wafundishwe kwa subira, na wakishaelewa wakaanza kuitumia kwa mambo yao wenyewe, kama kutumiana pesa. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, wengi wetu hatukujifunza kwa kusoma kijitabu. Tulionyeshwa: mtu alisimama kando yetu dukani akasema, "Gusa hapa, sasa hapa." Video nzuri ya mafunzo ni yule mtu wa kando, ila huyu unaweza kumrudisha nyuma mara kumi na asichoke.

Kwanza, jua unachofundisha

Trello ilianza mwaka 2011, na mwaka 2017 ilinunuliwa na kampuni ya Atlassian. Wazo lake linatokana na kadi zilizotumiwa katika viwanda vya Toyota huko Japani kuonyesha kazi imefika wapi. Ukiwa nalo kichwani, mambo ni matatu tu:

- Ubao ni mradi wenu mzima. Mfano: "Nyumba za kupangisha, Nkoroi".
- Safu ni hatua. Anzeni na tatu: *Bado*, *Inaendelea*, *Imekwisha*.
- Kadi ni kazi moja au malipo mamoja. Mfano: "Simiti mifuko 40".

Kazi ikisonga mbele, unaivuta kadi kutoka safu moja hadi nyingine. Basi. Programu nyingine za aina hii zina vitu vyao zaidi, lakini anayeanza hahitaji zaidi ya hayo. Angalieni pia mipaka ya akaunti ya bure kabla hamjaanza, hasa idadi ya watu wanaoruhusiwa, msije mkaandikisha nusu ya chama halafu mkakwama.

Tengeneza video nne, si moja ndefu

Makosa ya kawaida ni kurekodi video ya dakika 25 inayoeleza kila kitu. Hakuna atakayeimaliza. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama masomo ya edX waliona kwamba video fupi ndizo zinazoshika mtazamaji, na wakashauri zisizidi dakika 6. Nao hao walikuwa wanafunzi waliojiandikisha wenyewe kusoma! Mwanachama wako anatazama akiwa kwenye matatu au akichemsha chai. Mpe dakika mbili.

Gawanya hivi:

1. Kufungua na kuona. Jinsi ya kuingia, na kila safu inamaanisha nini. Usifundishe kitu kingine.
2. Kusoma kadi moja ya malipo. Kiasi, aliyelipwa, tarehe, nambari ya muamala, picha ya risiti.
3. Kuongeza picha. Hii ni ya msimamizi wa mjengo na yeyote anayepokea mzigo.
4. Kuuliza swali. Jinsi ya kuandika maoni ndani ya kadi yenyewe, ili swali na jibu visipotee kwenye WhatsApp.

Kila video ijibu swali moja, na swali hilo liwe ndilo jina la video. "Nitajuaje kama simiti imelipwa?" ni jina bora kuliko "Somo la pili".

Namna ya kurekodi

Simu za Android kuanzia toleo la 11 zina kirekodi cha skrini ndani yake, ingawa mahali kilipowekwa hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. iPhone nazo zinacho tangu iOS 11. Vuta menyu ya mipangilio ya haraka, utakiona. Kisha:

- Washa hali ya kutosumbuliwa, ili ujumbe wako wa siri usitokee katikati ya somo.
- Andika maneno yako kwanza. Dakika moja na nusu si maneno mengi. Karatasi moja inatosha.
- Sema kabla ya kugusa. "Sasa naenda kufungua kadi ya simiti", halafu gusa, halafu nyamaza kidogo. Macho ya mtazamaji yanahitaji muda kufika pale kidole kilipo.
- Ongea lugha ya chama chenu. Kama programu ina neno la Kiingereza kwenye skrini, lisome jinsi lilivyo, kisha lieleze kwa Kiswahili. Mama anayetazama analitafuta neno lile lile kwenye simu yake.
- Rekodi kwenye chumba chenye mapazia au nguo. Sauti haitarudi kama ya kisimani.

Ukikosea neno, usianze upya video zote. Rudia hiyo moja. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na nne fupi.

Vitu ambavyo havifai kuonekana

Hapa tunaomba usome polepole. Kirekodi cha skrini hakichagui. Kinaweza kunasa kila unachogusa na kila kinachotokea. Kwa hiyo:

- Usirekodi ukifungua programu ya pesa. PIN ni ya kwako peke yako. Hata sisi hatutakuuliza, na mwekahazina hana haja nayo.
- Usionyeshe salio la chama wala lako. Video ikitoka kwenye kundi, hujui itaishia kwa nani.
- Usionyeshe nambari za simu, majina kamili au vitambulisho vya wanachama na mafundi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na taarifa za mtu si zako za kusambaza.

Njia rahisi ni kutengeneza ubao wa mazoezi. Weka majina ya kubuni, kiasi cha kubuni, picha ya risiti tupu. Rekodi huo. Wanachama watajifunza vile vile, na ubao wa kweli utabaki wenu.

Malipo yamethibitishwa, lakini mzigo je?

Hili ndilo somo tungependa kila video ya pili ibebe. Ujumbe wa uthibitisho unakuambia jambo moja tu: pesa imetoka hapa ikafika pale. Haukuambii kwamba simiti imefika Nkoroi.

Tuseme chama kimelipa mifuko 40 kwa shilingi 750 kila mmoja. Hiyo ni shilingi 30,000. Nambari ya muamala iko kwenye kadi na kila mtu ameridhika. Lakini msimamizi anapiga picha ya mzigo ukishushwa, anahesabu, na mifuko ni 35. Mitano haipo, yaani shilingi 3,750. Kwenye WhatsApp, picha ile ingepita tu. Kwenye kadi, malipo na picha vinakaa pamoja, na hata aliye Doha anaweza kuuliza siku hiyo hiyo, kabla duka halijasahau na kabla simiti haijachanganywa na mchanga.

Kwa hiyo wekeni kanuni: kadi haiendi safu ya *Imekwisha* mpaka iwe na vitu viwili, yaani nambari ya muamala na picha ya mzigo uliohesabiwa. Ionyeshe kanuni hiyo ndani ya video, kwa mfano wenye hesabu kama huo hapo juu. Watu hukumbuka hesabu ya mifuko kuliko maelezo.

Na kumbuka, picha ya ujumbe wa malipo peke yake si ushahidi. Ujumbe unaweza kughushiwa na picha inaweza kuhaririwa. Angalau mara moja kwa mwezi, mtu mwingine asiyekuwa mwekahazina alinganishe nambari zilizo kwenye kadi na taarifa ya miamala ya laini au akaunti iliyolipa. Zikilingana, mnalala usingizi. Zisipolingana, mnajua pa kuanzia.

Jaribu kwa mtu mmoja kwanza

Kabla ya kutuma kwa wote, chagua mwanachama anayelalamika zaidi kuhusu "hayo mambo yenu ya kompyuta". Mpe video ya kwanza, mpe simu yake, kisha ukae kimya. Usimsaidie hata kidogo. Pale atakapokwama ndipo video yako inapohitaji kurekebishwa, na tatizo si lake. Akiuliza "sasa nafinya wapi?", umepata sentensi uliyosahau kuisema.

Kumbuka bando za watu

Si kila mtu ana intaneti ya nyumbani. Video ya sekunde 90 iliyohifadhiwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni takriban MB 11. Zote nne zikiwa na urefu huo ni kama MB 45. Ukirekodi kwa ubora wa juu kabisa, zinaweza kuwa mara kadhaa ya hapo, na mtu atazifuta kabla hajazitazama. Ubora wa wastani unatosha mradi maandishi yasomeke.

Unaweza kuzituma WhatsApp na kuzibandika juu ya kundi, au kuziweka YouTube kwa njia ya kiungo bila kuziorodhesha. Lakini ujue kwamba yeyote aliye na kiungo hicho anaweza kuitazama video. Ndiyo maana ubao wa mazoezi ni muhimu. Na programu ikibadilisha sura, kama zinavyofanya mara kwa mara, rekodi upya ile video moja iliyopitwa na wakati.

Mtihani wa kikao kijacho

Mkikutana tena, kabla ya kukusanya michango, mwekahazina aketi na asiguse simu. Mwanachama mwingine yeyote afungue ubao, aonyeshe malipo ya mwisho, nambari ya muamala na picha ya mzigo. Mpeni dakika moja. Akifaulu, chama chenu sasa kina macho kumi badala ya mawili, na mchango unaofuata utatoka kwa moyo mweupe. Akishindwa, msimcheke. Muulizeni alikwama wapi, kisha mrekodi video ya tano.