Muuza matunda aliyewapeleka mahabusu nyota wa Serie A

Machi 1, 1980, malalamiko yasiyo ya kawaida yalifika mezani kwa mwendesha mashtaka wa Roma, mji mkuu wa Italia. Waliolalamika walikuwa wafanyabiashara wawili. Mmoja, Massimo Cruciani, aliuza matunda kwa jumla. Mwingine, Alvaro Trinca, alikuwa na mgahawa uliopendwa na wachezaji wa Lazio, na Cruciani ndiye aliyempelekea mzigo wa matunda. Wote wawili walikuwa wamelizwa.

Hawakulizwa na mteja aliyetoroka na bidhaa, wala na dalali. Walisema wamelizwa na wanasoka. Kwa maelezo yao, waliwapa wachezaji fedha ili mechi ziishe kwa matokeo waliyokubaliana, wao wakaweka dau kwa wachezeshaji wa kamari wa uchochoroni, na mara kadhaa matokeo yakatoka tofauti kabisa. Hasara ilifika mamia ya mamilioni ya lira. Waliowadai walikuwa mlangoni, na wachezaji walikuwa uwanjani wakipigiwa makofi.

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kutoa mali kauli anajua uchungu wa aina hiyo. Lakini kuna jambo la ajabu hapa. Watu wawili walikwenda kwa vyombo vya dola kushtaki kwamba wizi waliokubaliana haukutekelezwa sawasawa. Mkataba wa namna hiyo hauna wakili wala shahidi. Hata hivyo waliandika kila kitu: majina, mechi, kiasi cha fedha. Na serikali ikasoma.

Nayakumbusha haya kwa sababu ya kitu kinachoonekana kila Jumamosi jioni kwenye mipaka yetu. Lori lipo kwenye foleni, hati za mzigo hazijagongwa muhuri, na mwenye mzigo amejibanza kwenye banda la mpira akiwa na mkeka wenye timu tano au sita. Mara nyingi mojawapo ni ya Italia. Anazijua odi kuliko bei ya dola siku hiyo. Wengi wanaobeti hivi hawabeti faida, wanabeti mtaji. Na Italia ndiyo nchi iliyotupa picha kamili zaidi ya namna mpira unavyouzwa na wanaocheza, huku mnunuzi wa mwisho akiwa hajui.

Turudi Roma. Wakati ule Waitalia walikuwa na mchezo halali mmoja wa kubahatisha soka, Totocalcio. Ulitabiri mechi 13 kwenye karatasi moja, na wote waliopatia waligawana fungu. Kuweka dau kwenye mechi moja, kwa malipo yaliyotajwa kabla, hakukuruhusiwa. Pengo hilo likazibwa na soko la giza lililoitwa Totonero, yaani Toto nyeusi. Kupanga mechi 13 ni kazi isiyowezekana. Kupanga mechi moja kunahitaji kipa, beki mmoja au wawili, labda na mshambuliaji. Soko la giza ndilo lililofanya wachezaji wawe bidhaa.

Jumapili ya Machi 23, 1980, magari ya polisi na ya askari wa fedha yalionekana kandokando ya viwanja vya Italia, mengine kwenye njia za kukimbilia riadha. Mechi zilipomalizika, wachezaji walikamatwa wakitoka kuoga. Miongoni mwao walikuwa Enrico Albertosi, kipa wa Milan aliyewahi kudaka fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1970, na Bruno Giordano, mshambuliaji wa Lazio. Rais wa Milan, Felice Colombo, naye alikamatwa. Televisheni ilionyesha picha hizo jioni ileile, saa ambayo familia huangalia magoli.

Milan na Lazio zikashushwa hadi Serie B. Ilikuwa mara ya kwanza Milan kuteremka daraja, na haikuteremshwa na mpira. Colombo alifungiwa maisha. Paolo Rossi, aliyekuwa akiichezea Perugia kwa mkopo, alihukumiwa miaka mitatu, ikapunguzwa hadi miwili. Kosa lake lilihusu sare ya 2-2 dhidi ya Avellino, Desemba 30, 1979, ambayo yeye mwenyewe alifunga magoli yote mawili ya Perugia. Hadi anafariki Desemba 2020 alishikilia kwamba hakuuza chochote, na kwamba yote yalitokana na maongezi ya dakika chache hotelini na watu asiowajua.

Yaliyofuata shabiki yeyote mwenye umri wa kutosha anayakumbuka. Adhabu iliisha mwishoni mwa Aprili 1982, akacheza mechi tatu tu za Juventus, kisha kocha Enzo Bearzot akambeba kwenda Hispania. Huko Rossi aliifunga Brazil magoli matatu, Poland mawili na Ujerumani Magharibi moja kwenye fainali. Italia ikawa bingwa wa dunia. Nchi ikasahau, na kwa maoni yangu kusahau huko kuliigharimu kuliko kashfa yenyewe.

Kwa sababu mahakama ya jinai, mwishoni mwa 1980, iliwaachia washtakiwa wote. Hakukuwa na sheria iliyosema kuuza mechi ni jinai. Shirikisho la soka lilikuwa na kanuni zake na likaadhibu, lakini kwa sheria za nchi, mchezaji aliyepokea fedha hakuwa amevunja kitu ambacho hakimu angeweza kukitaja kwa kifungu. Italia ilichukua miaka tisa kuziba pengo hilo: Sheria namba 401 ya Desemba 1989 ndiyo iliyounda kosa la udanganyifu katika mashindano ya michezo. Adhabu ya awali ilikuwa kifungo cha mwezi mmoja hadi mwaka mmoja. Mwaka 2014, baada ya kashfa nyingine mbili kubwa, ikapandishwa hadi miaka miwili mpaka sita.

Ya kwanza kati ya hizo mbili ni Calciopoli ya mwaka 2006, na hiyo wengi wanaijua hivyo nitaipitia haraka. Haikuhusu mikeka. Ilihusu nani anachezesha mechi. Simu zilizonaswa zilionyesha mkurugenzi mkuu wa Juventus, Luciano Moggi, akizungumza mara kwa mara na waliokuwa wakiwapangia marefa mechi. Ni kama mwenye malori ambaye hasumbuki kumhonga ofisa wa forodha, kwa kuwa ana namba ya yule anayepanga zamu. Anajua nani atakuwa dirishani siku mzigo wake ukifika.

Julai 9 mwaka ule Italia ilitwaa Kombe la Dunia mjini Berlin. Julai 14, siku tano baadaye, hukumu ya kwanza ya kinidhamu ikasomwa. Juventus ilipokwa mataji mawili na kushushwa Serie B ikiwa na alama pungufu, ambazo baada ya rufaa zilibaki tisa. Milan, Fiorentina, Lazio na Reggina nazo zilikatwa alama. Zlatan Ibrahimović na Patrick Vieira wakahamia Inter, Fabio Cannavaro akaenda Real Madrid. Buffon na Del Piero wakabaki kucheza daraja la pili. Moggi alifungiwa maisha na soka la Italia. Kesi yake ya jinai iliendelea hadi Machi 2015, ambapo mahakama ya juu ilitamka kwamba makosa yamepitwa na muda. Yeye husema wote walikuwa wakipiga simu, na kweli baadaye kanda nyingine zilionyesha viongozi wa klabu nyingine wakizungumza na wapangaji haohao. Kama hilo linamsafisha au linawachafua wengine, mashabiki wa Juventus na wa Inter hawajakubaliana mpaka leo.

Kashfa ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi, na ilianza katika mechi ambayo pengine hata mwenye mkeka hakuitazama. Novemba 14, 2010, timu ya Cremonese ilicheza na Paganese katika ligi za chini. Cremonese ilishinda, lakini wachezaji wake kadhaa walitoka uwanjani wakiwa wazito, wanasinzia. Mmoja akapata ajali ya gari akirudi nyumbani. Vipimo vikaonyesha dawa ya usingizi. Ilidaiwa kwamba mtu wa ndani ya timu alitia dawa kwenye vinywaji vya wenzake ili timu ifungwe na madeni yake ya kamari yalipike.

Mwendesha mashtaka wa Cremona, Roberto Di Martino, akaanza kufuata simu. Simu zikampeleka kwa wachezaji wa Serie B, kisha wa Serie A, kisha kwa kundi la watu wa Balkan waliotembelea hoteli za timu, na mwisho wa uzi ukawa Singapore, kwa mfanyabiashara Tan Seet Eng, anayejulikana zaidi kama Dan Tan. Soko la kamari la Asia ni kubwa kiasi kwamba mtu anaweza kumwaga fedha nyingi kwenye mechi ya timu ndogo bila odi kutikisika sana. Na mtu anaweza kubeti mechi ikiendelea: si lazima timu ishinde au ifungwe, inatosha magoli yazidi idadi fulani. Beki anaombwa aachie goli moja tu la ziada, dakika za mwisho, timu yake ikiwa tayari imefungwa. Nani atamshuku?

Wakati mwingine hata hilo halikutosha. Mei 15, 2011, katika mechi ya mahasimu Bari na Lecce, beki wa Bari Andrea Masiello aliujaza mpira kwenye wavu wake mwenyewe. Lecce ikashinda 2-0 na kubaki Serie A. Mwaka uliofuata alikiri kwamba alifanya makusudi, kwa malipo. Goli hilo bado lipo kwenye mitandao. Nimelitazama mara nyingi, na nakiri kwamba kama nisingejua, ningesema ni bahati mbaya.

Si wote walioguswa na upelelezi ule walikuwa na hatia. Giuseppe Signori, aliyekuwa mfungaji bora wa Serie A mara tatu, alikamatwa Juni 2011. Alipigania jina lake kwa miaka kumi, akaachiwa huru mahakamani, na mwaka 2021 shirikisho likamfutia adhabu. Antonio Conte alifungiwa kwa madai ya kutoripoti, kisha mahakama ya Cremona ikamwachia mwaka 2016.

Na kuna Simone Farina. Alikuwa beki wa Gubbio, klabu ndogo ya Serie B, bila jina wala mshahara wa kutisha. Mwaka 2011 mtu aliyewahi kucheza naye alimjia na ofa: euro 200,000, agawane na wenzake, ili mechi ya Kombe la Italia dhidi ya Cesena ya Novemba 30 iende inavyotakiwa. Farina alikataa. Kisha akafanya kile ambacho ni kigumu zaidi ya kukataa: akaenda kuripoti. Desemba 19 watu 17 walikamatwa, akiwemo nahodha wa zamani wa Atalanta, Cristiano Doni.

FIFA ilimwita Farina jukwaani kwenye sherehe za Ballon d'Or Januari 2012, akapewa mkono na wakubwa. Kocha wa timu ya taifa alimwalika mazoezini. Lakini alipoondoka Gubbio mwaka huohuo, akiwa na miaka 30, hakuna klabu ya Italia iliyomchukua kucheza. Kazi aliipata Uingereza: Aston Villa ilimwajiri kufundisha watoto katika mpango wake wa jamii.

Uzi wa Singapore haukuishia Ulaya. Wilson Raj Perumal, mpangaji wa mechi aliyefanya kazi na mtandao huohuo, alikamatwa Finland mapema 2011. Yeye ndiye anayehusishwa na timu feki ya Togo iliyocheza na Bahrain Septemba 2010. Na Aprili 2019 FIFA ilimfungia miaka 10 beki wa zamani wa Harambee Stars kwa kula njama na Perumal kuhusu mechi za timu ya taifa ya Kenya kati ya 2009 na 2011. Februari 2020 ikawafungia wachezaji wanne wa Kakamega Homeboyz, mmoja wao maisha. Kakamega si mbali na Busia, ambako baadhi ya wasomaji wa gazeti hili huvusha mizigo kila wiki.

Basi mwenye mkeka afanye nini? Wachunguzi wa Italia walijifunza kuangalia mambo machache: odi inayoporomoka ghafla saa chache kabla ya mechi, mechi za mwisho wa msimu ambazo timu moja inahitaji alama na nyingine haina cha kupoteza, na vikombe vya mapema ambavyo klabu hazivijali. Mechi ya Farina ilikuwa ya aina hiyo ya tatu. Bari na Lecce ilikuwa ya aina ya pili: Bari ilikuwa imeshateremka daraja.

Kuhusu wale wawili wa Roma, hawakurudishiwa lira zao. Cruciani mwenyewe alijisalimisha na kuwekwa ndani kabla ya wachezaji aliowashtaki.