Rangi ya Paa: Ilinde Bati, Isiharibu Maji

Katika ziara zetu za miradi tumekuwa tukiulizwa swali moja mara kwa mara: bati limeanza kushika kutu, je, tupake rangi au tununue bati jipya?

Mama mmoja mjane wa Kitendaguro, Manispaa ya Bukoba, alituonyesha paa lake. Baada ya kuuza kahawa alinunua rangi ya mafuta, na vijana wakaipaka kwa siku moja juu ya kutu na vumbi. Masika yalipofika rangi ilibanduka vipande vipande, ikashuka kwenye gata na kuingia tangini. Fedha ilikwisha, paa likaendelea kuvuja, na wajukuu wakaendelea kunywa maji ya tangi lile lile. Tumeona vema tueleze jambo hili kwa faida ya wote.

Neno la kwanza ni hili: rangi haitengenezi paa bovu. Rangi hulinda paa lililo zima.

Kwa nini bati hushika kutu

Bati ni chuma kilichofunikwa kwa tabaka jembamba la zinki. Zinki ndiyo inayoliwa kwanza, na ikiisha, chuma hubaki wazi kwa maji na hewa. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, kwa hiyo mabati yetu hukaa na unyevu muda mrefu. Majani yanayoanguka kutoka kwenye miti ya kibanja hushika maji, na pale yanapolala ndipo kutu huanzia.

Kuna jambo jingine. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu 17 hapa Kagera na kubomoa nyumba nyingi. Baadhi ya familia tunazozifahamu zilijenga upya na kuezeka kwa mabati yale yale. Bati la namna hiyo lina matundu ya misumari ya zamani pamoja na ya sasa.

Pima kabla ya kununua rangi

Ingia ndani mchana jua likiwa kali, funga milango na madirisha, kisha tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Halafu panda ngazi na ubonyeze sehemu zenye kutu kwa bisibisi. Bisibisi ikipenya, bati hilo limekwisha, libadilishe. Kama ni misumari tu iliyolegea, ng'oa na upige mipya yenye mpira. Kutu ya juu juu kwenye bati gumu ndiyo inayofaa kupakwa rangi.

Tahadhari kwa taasisi: yapo majengo ya zamani yaliyoezekwa kwa asbesto. Hayo yasisuguliwe wala kukatwa, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Tafuteni kwanza ushauri wa wataalamu.

Rangi gani?

Rangi ya kawaida ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hupambana nayo na kufanya kitu kama sabuni katikati, ndiyo maana hubanduka. Tumia rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya paa, na sehemu zenye kutu zitangulizie praima ya chuma. Bati jipya lina utelezi. Lioshwe vizuri na kupakwa praima ya zinki, au liachwe lipigwe na mvua na jua kwa miezi kadhaa.

Paa la mita za mraba 100 lina eneo kubwa zaidi kwa sababu ya migongo, hesabu 110. Ikiwa lita moja inafunika mita za mraba 8, mikono miwili itahitaji lita 28 hivi, yaani ndoo ya lita 20 na madebe mawili ya lita 4. Soma maelezo ya debe lako, maana rangi hutofautiana.

Jinsi ya kupaka

Kazi hii ifanyike Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi. Ni bahati njema kwamba ndio wakati wa fedha ya kahawa. Mvua ya ziwani mara nyingi hutujia alfajiri au asubuhi, hivyo tazama ziwa kwanza. Anza umande ukishakauka, pumzika bati linapochoma mkono, na umalize mapema ili rangi ikauke kabla ya usiku.

1. Tenganisha bomba la gata na tangi, na ufunike tangi.
2. Sugua kutu kwa brashi ya waya, osha kwa maji na sabuni, suuza, acha pakauke kabisa.
3. Paka praima kwenye kutu.
4. Kwa brashi, paka vichwa vya misumari na maungio ya mabati.
5. Kwa rola yenye manyoya marefu, paka sehemu iliyobaki ukifuata migongo. Anza juu kileleni, shuka kuelekea kwenye ngazi.
6. Ikikauka, rudia mkono wa pili. Mikono miwili myembamba hushinda mmoja mzito.

Paa ni kisima

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 80 hapa Bukoba hupokea lita 160,000 kwa mwaka. Basi chochote tunachopaka juu, tunakipaka kisimani. Usitumie lami kwenye paa la kukinga maji. Nunua rangi iliyoandikwa kuwa haina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Rangi ya zamani isisuguliwe ikiwa kavu. Iloweshwe, na mabaki yadondokee kwenye turubai, si kwenye kibanja. Baada ya kupaka, maji ya mvua chache za kwanza yamwagwe.

Usalama wa fundi

Kumbukumbu la Torati 22:8 humwagiza mjenzi kuweka ukingo darini ili mtu asianguke na kufa. Sisi hatuna dari za namna hiyo, lakini wajibu ni ule ule. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana chini yake kuna papi. Funga kamba, ngazi ishikwe na mtu, wala mtu asipande peke yake.

Yule mama amebadilisha mabati manne, na vijana wa usharika wamelisafisha na kulipaka upya lililobaki. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko kuezeka upya, ila angeipata mara moja tu kama angelipimiwa paa mapema. Tunaziomba kamati za diakonia ziwatembelee wajane na wazee kabla ya kiangazi, zitazame mapaa yao pamoja nao, na fedha ya kahawa itumike mahali inapofaa.