Wanagenzi wa Kisu cha Ubongo: Desturi za Mafunzo Marekani na Namna ya Kuyapima

Mafunzo ya ubingwa wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo nchini Marekani huchukua miaka 7 baada ya shahada ya udaktari. Muda wote huo mwanagenzi, au rezidenti kama wanavyomwita wenyewe, ni mwajiriwa wa hospitali na hulipwa mshahara. Si kama Afrika Mashariki, ambako daktari anayesomea ubingwa chuo kikuu kwa kawaida hudaiwa ada na kulazimika kutafuta mfadhili. Nafasi mpya ni zaidi kidogo ya 200 kwa mwaka kwa nchi nzima, na hospitali nyingi huchukua mmoja, wawili au watatu tu. Kwa hiyo wanagenzi wote wa hospitali moja, wa mwaka wa kwanza hadi wa saba, huweza kuketi kwenye ukumbi mmoja mdogo wa chakula. Kundi dogo namna hiyo, likikaa pamoja usiku na mchana kwa miaka, lazima lijitungie mila zake, na mila hizo humfinyanga fundi kuliko kitabu chochote.

Chimbuko la mafunzo haya liko Baltimore. Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889, na mkuu wake wa upasuaji, William Halsted, alileta utaratibu alioukuta Ujerumani: vijana wachache waishi hospitalini humohumo, wapande ngazi polepole, wengi waachwe njiani, na mmoja afike kileleni bwana mkubwa atakapoona ameiva. Neno rezidenti lenyewe linatokana na kuishi huko. Mwanafunzi wake Harvey Cushing ndiye aliyeufanya upasuaji wa ubongo kuwa fani inayojitegemea. Alirithi kwa Halsted mkono mpole usiochubua nyama wala kumwaga damu ovyo, lakini kwa wasaidizi wake ulimi ulikuwa mkali. Vyote viwili, upole kwa mgonjwa na ukali kwa mwanagenzi, vilirithishwa pamoja, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kimoja hakiwezekani bila kingine.

Ngazi za leo zinajulikana. Wa mwaka wa kwanza ni mbeba mizigo: hufika gizani, hukusanya vipimo vya usiku, na raundi ikianza saa kumi na moja na nusu alfajiri anatakiwa awe na majibu ya kila kitanda. Tangu mwaka 2010 hupelekwa pia kambi fupi ya kufundishwa mambo ya msingi. Wa pili na wa tatu hubeba simu ya zamu. Katikati kuna mwaka mmoja au miwili ya utafiti, na hapo wengi ndipo wanapokumbuka kulala. Wa saba ni chifu: hupanga zamu, hugawa operesheni, husuluhisha ugomvi. Bingwa huitwa daktari kwa heshima zote, lakini chifu huitwa kwa jina lake, naye ndiye anayeogopwa zaidi.

Mtihani wa kwanza wa kweli hutokea kitandani, katika chumba cha wagonjwa mahututi. Damu imevuja ubongoni, maji yamezibwa njia, mgonjwa anazidi kuzama. Mwanagenzi hunyoa nywele za mbele upande wa kulia, hupima kwa rula kiasi cha sentimita 11 kutoka shina la pua kurudi nyuma, kisha sentimita 3 kando ya mstari wa katikati, na kuweka alama kwa kalamu. Hupasua ngozi na kutoboa fuvu kwa keekee ya mkono, vidole vikisikiliza mfupa unavyolegea. Halafu husukuma mrija laini kiasi cha sentimita 6, akilenga pembe ya ndani ya jicho la upande uleule na mbele ya sikio. Maji yakianza kuchuruzika, hakuna anayempongeza. Chifu aliyesimama nyuma huondoka tu, na kuondoka huko ndiko kupongezwa. Panapofundishwa vizuri, mtu hasimami peke yake kabla ya kusimamiwa mara kadhaa. Kwingine bado unatawala usemi wao wa kale: tazama mmoja, fanya mmoja, fundisha mmoja. Mgonjwa wa yule mmoja wa kati hakuulizwa.

Swali la saa za kazi lina historia chungu. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki jijini New York akiwa mikononi mwa madaktari wanagenzi waliokuwa kwenye zamu ndefu. Jimbo la New York liliweka ukomo mwaka 1989, na mwaka 2003 baraza la ithibati, ACGME, likaueneza nchi nzima: saa 80 kwa wiki kwa wastani wa wiki 4. Upasuaji wa ubongo huweza kuombewa kibali hadi saa 88. Lakini saa hizo huandikwa na wanagenzi wenyewe, na hapo pana mtego. Anayeandika ukweli kwamba amefanya kazi saa 100 anaihatarisha ithibati ya programu yake. Ithibati ikifutwa, hana pa kumalizia mafunzo. Ndiyo maana daftari lisilo na kasoro hata moja huwatia shaka wazoefu kuliko lile lenye makosa machache yaliyoelezwa.

Wanaotaka kupima ubora huanza na hesabu ya operesheni, nayo hudanganya. Hospitali inayopokea majeruhi wengi humpa kijana mafuvu mengi ya kufungua, lakini huenda akamaliza akiwa amebana uvimbe wa mishipa mara chache mno. Tangu utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2002 kuonyesha faida ya kuziba uvimbe huo kwa nyaya laini zinazopitishwa ndani ya mshipa, kazi ya kufungua fuvu na kubana imepungua kila mahali. Kuna pia mafelo, yaani mabingwa wanaoongeza utaalamu wa ndani zaidi: wakijaa, huchukua operesheni ngumu ambazo zingekuwa za chifu. Cha kuuliza, basi, si operesheni ngapi zilifanyika, bali nani alishika chombo hadubini iliposhushwa. Programu nzuri ni ile ambayo chifu hufanya sehemu ngumu huku bingwa akiangalia kwa lenzi za pili za hadubini, mikono kifuani.

Kipimo kingine ni simu ya saa tisa usiku. Mwanagenzi mwenye shaka humpigia aliye juu yake. Akijibiwa kwa matusi, kesho hatapiga, na gharama ya ukimya huo hulipwa na mtu aliyelala kitandani. Kutukana ni tabia ya mtu, lakini kutopiga simu huwa desturi ya nyumba nzima, na wapya huipokea bila kuambiwa.

Kikao cha vifo na madhara, kinachofanywa kila wiki au kila mwezi, huifunua zaidi nyumba hiyo. Mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1894, Cushing akiwa bado mwanafunzi Harvard, yeye na mwenzake Ernest Codman walianza kuandika mapigo ya moyo ya wagonjwa waliopewa etha, baada ya Cushing kumpoteza mgonjwa mikononi mwake. Codman baadaye alidai hospitali zitangaze matokeo yao, na wakubwa wakamchukia kwa hilo. Katika kikao cha leo mwanagenzi husimama mbele na kueleza kilichoharibika. Kama ni mabingwa wanaosema kwanza, hapa nilikosea mimi, mahali hapo panafundisha. Kama mdogo ndiye hubebeshwa kila kosa, kikao ni baraza la kutafuta mbuzi wa kafara.

Anayeomba nafasi ana muda mfupi wa kuyaona haya. Hufanya kazi kama mgeni wiki 4 hivi katika hospitali mbili au tatu, huhojiwa kwingine, kisha kila upande huorodhesha chaguo lake na kompyuta huoanisha. Matokeo ya Machi huufunga kila upande. Mahojiano rasmi huonyesha jengo na vifaa. Chakula cha jioni na wanagenzi pekee, bila mabingwa, huonyesha mengine: kama wanacheka pamoja, kama wanamtaja aliyeacha kazi kwa jina au wanabadilisha mada. Wanawake huhesabu wenzao mezani. Alexa Canady alipomaliza mafunzo mwaka 1981 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini humo kufikia ubingwa huu, na hadi leo zipo meza ambazo mwanamke ni mmoja tu.

Juni huwa na karamu ya kuwaaga machifu. Wadogo huwatania hadharani, na wahitimu wa zamani husafiri kuja, au hawaji. Tarehe 1 Julai simu ya zamu hukabidhiwa mtu mpya.