Ufunguo wa Mwanga Ufikapo Kakuma

Barabara ipitayo Lodwar na Kakuma hadi mpaka wa Nadapal haikuombewa mkopo wa Benki ya Dunia kwa ajili ya malori tu. Mradi uleule ulijumuisha mkongo wa faiba kutoka Eldoret. Biashara ya kuulisha ipo: mwaka 2018 shirika la IFC lilikadiria soko la Kakuma huko Turkana, Kenya, mji na kambi ya wakimbizi, kuwa takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Na pesa zilishahamia simuni tangu Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilipoanzisha Bamba Chakula, mgao wa chakula kwa njia ya simu, kambini mwaka 2015.

Pesa za simuni zinataka siri. Ndipo anapoingia muuzaji wa ufunguo wa kwanta, wazo la Charles Bennett na Gilles Brassard la mwaka 1984. Ufunguo husafiri kwa chembe mojamoja za mwanga. Anayezichungulia njiani huzivuruga, akajifichua mwenyewe.

Tatizo ni umbali. Hata faiba nzuri, ikifika kilomita 100, hufikisha chembe moja tu kati ya 100. Lodwar hadi Kakuma, kilomita kama 120, panavumilika. Eldoret hadi Lodwar ni zaidi ya 300, na hapo haifiki hata moja katika milioni. Kuikuza njiani haiwezekani, kwani kukuza ni kunakili, na chembe hizi hazinakiliki. Njia ya Beijing hadi Shanghai, kilomita 2,000, ilihitaji vituo 32 vya kupokezana, vyote vya kulindwa. Katika mji kama Lokichar, njiani kwenda Lodwar, nani atalipia askari, umeme na kipoza hewa?

Setilaiti inaruka shida hiyo. Mwaka 2025 wanasayansi wa China na wa Stellenbosch, Afrika Kusini, walitangaza kupeana ufunguo kwa umbali wa kilomita 12,900, na anga la Turkana mawingu yake ni machache. Lakini mimi ningeweka shilingi yangu kwenye kanuni mpya za hesabu zilizoidhinishwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, Agosti 2024: hizo huingia simuni kama programu nyingine yoyote, bila mtambo.

Bado kuna duka. Kakuma, anayekopa unga kabla ya mgao kuingia huweza kumwachia mwenye duka laini yake, au kadi ya benki, pamoja na namba ya siri. Ndiyo rehani aliyonayo. Mwenye duka huiandika daftarini, kando ya kilo za unga.