Mbao: panda ya mti inayoishia kuwa makala hutafutwa Ulaya kwa meza za mtindo wa zamani

Mti wa libuyu ao wa akaju ukiangushwa katika misitu ya Tshopo ao ya Ituri, wenye misumeno ya mashini wanapasua kwanza gogo lililonyooka. Mbao zinabebwa hadi Kisangani, Beni ao Butembo, na zingine zinavuka mpaka kuelekea Uganda. Panda ya mti, ni kusema mahali shina linagawanyika kuwa matawi mawili, mara nyingi inaachwa msituni ao inageuzwa makala. Kumbe kwa fundi wa Paris ao Bruxelles anayetaka kutengeneza meza ya kuandikia ya mtindo wa zamani, kipande hicho ndicho cha kutafuta kabla ya kingine chochote.

Sababu iko ndani ya mti wenyewe. Kwenye panda, nyuzi za matawi mawili zinakutana, zinabanana na kujipinda. Ukipasua katikati, kwa kufuata shina na matawi yote mawili, unaona maua yanayofanana na ulimi wa moto ao unyoya mkubwa. Ukipasua upande mwingine, hauoni kitu. Maua hayo yanapatikana katika sehemu ndogo ya mti tu, na mbao yake inapasuka kwa urahisi ikikauka. Ndiyo maana haitumiwi kama ubao mzito. Inakatwa vipande vyembamba kama karatasi, vinavyoitwa plakaji, kisha vinabandikwa kwa gundi juu ya mbao ya kawaida iliyokauka vizuri.

Mtindo unaohitaji sana plakaji hiyo ni ule wa Empire, wa wakati wa Napoléon, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Fundi François-Honoré-Georges Jacob-Desmalter, aliyetengenezea Napoléon meza na viti vya majumba yake, alitumia sana akaju. Meza za mtindo huo hazina nakshi nyingi za kuchongwa. Uzuri wake unatoka kwenye maua ya mbao yenyewe na mapambo machache ya shaba. Wakati ule, akaju ilitoka visiwa vya Karibi, kama Cuba na Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Mwaka wa 1806, Napoléon alifunga milango ya Ulaya kwa biashara ya Uingereza, na akaju ikawa adimu Ufaransa.

Leo akaju ya Karibi ni adimu zaidi, kwani ilikatwa kupita kiasi. Tangu 1992, biashara yake kati ya inchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Fundi wa sasa anageukia Afrika: akaju ya huku kwetu, inayoitwa Khaya na wataalamu, pamoja na sapeli, moja ya miti ambayo wafanyabiashara wa mashariki mwa Congo wanaiita libuyu.

Kuchagua plakaji si sawa na kuchagua mbao za kitanda. Fundi anahesabu kwanza sehemu zote zitakazoonekana: uso wa meza, milango, sura ya kila droo. Kisha anatafuta karatasi zilizotoka katika gogo moja, zikiwa bado zimepangwa jinsi zilivyokatwa. Karatasi mbili zinazofuatana zinafunguliwa kama kurasa za kitabu, na maua ya kushoto yanalingana na ya kulia. Ikikosekana moja katikati, mpangilio unaharibika, na gogo lingine haliwezi kuitoa. Kwa hiyo fundi mwenye akili ananunua zaidi ya hesabu yake.

Unene pia una maana. Mashini za leo zinakata karatasi za kama milimita 0.6, na sentimita moja ya mbao inaweza kutoa karatasi 16. Zamani mafundi walikata kwa msumeno, na karatasi zilikuwa nene zaidi, milimita 1 hadi 2 ao kupita. Fundi anayetengeneza upya meza ya zamani anapendelea hizo nene, kwani zinavumilia kusuguliwa.

Mbao ya Congo si ngeni katika kazi hizo. Mwaka wa 1897, kwenye maonyesho ya Tervuren, karibu na Bruxelles, mafundi wa Ubelgiji kama Georges Hobé na Paul Hankar walipewa mbao za Congo kutengeneza sehemu za ndani, ili wanunuzi wa Ulaya wazizoee. Tangu zamani hizo, gogo linaondoka Congo na kazi yenye faida inafanyika mbali.

Fundi wa Goma, Bukavu ao Kisangani asiye na mashini ya kukata plakaji anaweza kuanza kidogo: kuongea na wapasuaji kabla mti haujaangushwa, kuomba panda isikatwe vipande vya kuni, kuipasua katikati, kuipaka mafuta kwenye ncha na kuikausha polepole kivulini. Vipande vya milimita 2 vinapasuliwa kwa msumeno mzuri. Na upande wa chini wa ubao unabandikwa plakaji pia. Bila hiyo, meza inajipinda.

Sheria haiwezi kusahauliwa. Kanuni ya misitu ya DRC ni ya tarehe 29 Agosti 2002, na mukata mbao anapaswa kuwa na ruhusa. Afrormosia, mti maarufu wa Tshopo, iko kwenye orodha ya CITES tangu 1992. Mwaka wa 2022, katika mkutano wa Panama, akaju ya Afrika iliongezwa. Kuvusha mpaka na karatasi zake bila vyeti ni kujitafutia mashaka.

Lakini panda ya mti uliokwisha kukatwa kwa ruhusa haidai mti mwingine uangushwe. Gunia la makala linaisha jikoni kwa siku chache; sura ya droo yenye maua ya moto inaweza kubaki katika nyumba ya mutu hadi kwa wajukuu wake.