RX 570 ni nafuu, lakini wati 150 atazilipa nani?

MTEJA wa Nyabusozi, wilayani Biharamulo, anayetaka kadi ya grafiki kwa ajili ya kuhariri video za harusi au kufungua kibanda cha gemu, kwa kawaida huuliza mambo mawili: bei na kasi. Swali la tatu, ambalo kwa mazingira yake lilistahili kuwa la kwanza, huachwa hadi mzigo umeshafika: kadi hiyo inakula umeme kiasi gani?

Kwa mwenye mtaji mdogo, kadi mbili zinafaa kulinganishwa. Moja ni Radeon RX 570 ya kampuni ya AMD, iliyoingia sokoni Aprili 2017 kwa dola 169 za Marekani. Nyingine ni GeForce GTX 1650 ya NVIDIA, iliyotoka Aprili 2019 kwa dola 149. Zote ni za miaka iliyopita, na ndiyo sababu mfanyabiashara wa kawaida anaweza kuzimudu.

Kwa takwimu za kiwandani, RX 570 ndiyo yenye misuli. Ina viini 2,048 vya kukokotoa dhidi ya 896 vya GTX 1650, ingawa viini vya kampuni mbili tofauti havihesabiki kama magunia ya mahindi kwenye mzani mmoja. Zote zinapatikana na kumbukumbu ya GB 4, na RX 570 ipo pia ya GB 8. Kumbukumbu ya RX 570 hupitisha GB 224 kwa sekunde. Ile ya GTX 1650 ya toleo la kwanza hupitisha GB 128. Katika michezo mingi inayochezwa kwa picha ya 1080p, RX 570 huitangulia mwenzake kwa takriban asilimia 10 hadi 15.

Wakati GTX 1650 inatoka, RX 570 ilikuwa imekwishashuka chini ya dola 150, na wachambuzi wengi wa Ulaya na Marekani waliwashauri wasomaji wao wanunue hiyo ya zamani. Ushauri huo ulimfaa mteja wa London. Haukumfikiria mtu anayeendesha kompyuta kwa betri.

RX 570 imekadiriwa kutumia wati 150 inapofanya kazi kwa nguvu zote, na GTX 1650 wati 75, yaani nusu. Kwa mwenye umeme wa TANESCO, tofauti hiyo haitishi sana. Kadi ikikimbizwa saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, wati 75 za ziada zinakuwa yuniti 15.6. Kwa bei ya kundi la T1 iliyopangwa mwaka 2016, Sh. 292 kwa yuniti kabla ya kodi, hiyo ni kama Sh. 4,555 kwa mwezi.

Kwa anayetumia sola hesabu hugeuka. Betri moja ya volti 12 na Ah 100 inabeba wati-saa 1,200. Betri za asidi hazipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo kinachotumika ni 600. Kiasi hicho kinaiendesha GTX 1650 peke yake kwa saa nane, na RX 570 kwa saa nne, kabla ya kuhesabu prosesa, kioo na umeme unaopotea kwenye inveta. Mhariri aliyeahidi kukabidhi video ya harusi Jumatatu, na betri ikamwishia Jumapili jioni, hatajali kwamba kadi yake ilikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 15.

Ni kweli kwamba hali ya umeme ukanda huu imebadilika. Mtambo wa maji wa Rusumo uliopo Ngara, wa megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ulianza kuzalisha mwishoni mwa mwaka 2023. Hata hivyo, mtambo kuwa jirani si sawa na nguzo kufika mlangoni.

Kikwazo kingine ni kompyuta yenyewe. Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7010, moja ya mashine za ofisini ambazo huingia nchini kama mtumba. Ile ya kasha kubwa ina pawa saplai ya wati 275, na haina waya wa ziada wa kulishia kadi. GTX 1650 nyingi hupata umeme wao wote kupitia mazabodi, ambayo hutoa hadi wati 75. NVIDIA hupendekeza pawa saplai ya wati 300, hivyo mashine hiyo inabeba mzigo karibu na mpaka wake, lakini kadi inawaka. RX 570 haiwaki bila waya wake wa pini sita au nane, na AMD hupendekeza wati 450. Kwa mwenye Dell huyo, maana yake ni kununua pawa saplai nyingine. Unafuu wa bei huishia hapo.

Kwa kazi za video, zote zina sehemu maalumu ya kubana picha za H.264 na H.265. Anayetengeneza michoro ya 3D kwa programu ya Blender asisite: tangu toleo la 3.0 la Desemba 2021, injini yake ya Cycles iliacha mfumo wa OpenCL, na RX 570 ikabaki nje. GTX 1650 inaendelea kutumika.

Lipo pia suala la historia ya bidhaa. RX 570 ilipendwa sana na wachimbaji wa sarafu ya Ethereum, na uchimbaji huo ulipokoma tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizochoka zilimwagika kwenye soko la mtumba duniani. Nyingi zilifanya kazi usiku na mchana, na baadhi zilibadilishiwa BIOS. Mwaka 2023 AMD ilizitenga kadi za kizazi hiki na draiva zake kuu.

RX 570 bado ina mteja wake: mwenye kibanda cha gemu kilichounganishwa na gridi, mwenye kompyuta ya pawa saplai ya wati 450, anayeweza kuijaribu kadi kabla ya kulipa. Wengine wachukue GTX 1650, kwa tahadhari moja. Baadhi ya viwanda viliiwekea nayo tundu la pini sita, na kadi hizo haziwaki bila waya huo. Muuzaji wa Kariakoo aombwe picha ya ukingo wa kadi kabla fedha hazijatumwa, kwa sababu kuirudisha kwa basi ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na nauli ya mzigo huo hubebwa na mnunuzi.